Mnada wa hisani kwa simu: jaribu dakika 10 za mwisho kabla ya kitu kingine

Mnada wa kimya wa hisani unaoendeshwa kwa simu unaweza kukaa wazi siku saba, lakini kazi yake halisi hufanyika katika dakika 10 za mwisho. Kabla ya hapo watu hutazama picha, huweka dau moja la heshima, kisha hufunga simu. Saa ya kufunga ikikaribia wote hurudi kwa mkupuo. Hapo ndipo seva huelemewa, meseji huchelewa, waifai ya ukumbi hulegea, na watu wawili huamini kwa dhati kwamba kila mmoja ameshinda pambo lilelile. Waandaaji wengi hutumia siku nzima kujaribu usajili na mwonekano wa ukurasa wa mbele, sehemu ambazo zikikwama bado kuna muda wa kuzirekebisha. Mimi nashauri kinyume chake: anza kujaribu kutoka mwisho wa mnada, urudi nyuma.

Fedha inayopotea hapa ni dawa, karo au paa la darasa. Kwa hiyo nitaeleza kwa kina, hasa pale ambapo kosa dogo hula dau kubwa.

Unafunga vipi?

Amua hili kwanza, kwa kuwa ndilo linaloamua programu itajaribiwa namna gani. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kufunga kwa saa kamili: ikigonga saa 3:00 usiku, dau la sekunde moja baadaye halipokelewi. Ya pili ni kufunga kwa kusogeza: dau likiingia ndani ya dakika 2 za mwisho, kitu hicho kinaongezewa muda, mpaka dakika 2 zipite kimya bila mtu kupandisha.

Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha mwaka 2002 ulinganisho wa minada ya eBay, iliyofungwa kwa saa kamili, na ile ya Amazon ya wakati huo, ambayo haikufungwa mpaka dakika 10 zipite bila dau jipya. Kuvizia dakika za mwisho kulikuwa kwingi zaidi eBay. Kwa mnada wa hisani nachagua kusogeza bila kusita. Lengo ni kumpa mtu mkarimu nafasi ya kujibu, wala hatushindanishi wepesi wa vidole.

Lakini kusogeza kuna kosa moja linalojirudia katika programu nyingi. Mtengenezaji huandika: kila dau jipya, ongeza dakika 2 kwenye saa ya kufunga. Madau 10 yakiingia ndani ya dakika moja, kitu kinasogea dakika 20, na ukumbi mzima unasubiri. Kanuni sahihi ni kwamba saa mpya ya kufunga ni ile iliyo mbele zaidi kati ya mbili: saa ya kufunga iliyopo, au wakati wa dau pamoja na dakika 2. Jaribu kwa kuingiza madau 10 mfululizo katika sekunde 30 za mwisho, kisha soma saa ya kufunga. Ikizidi dakika 2 kutoka dau la mwisho, rudisha programu kwa fundi.

Hakikisha pia kwamba kinachosogea ni kitu kile tu. Zipo programu zinazosogeza orodha nzima kwa sababu ya ushindani wa kitu kimoja. Na kama una vitu 120, usivifunge vyote kwa pamoja. Funga makundi ya vitu 20 kila baada ya dakika 5. Mzigo wa seva unagawanyika, na mtu aliyekosa kitu cha kundi la kwanza bado ana fedha na hamu ya kuhamia kundi la nne.

Kuhusu saa yenyewe, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu. Mfumo huandika 21:00 au 9:00 PM, mshereheshaji anatangaza saa tatu usiku, na mgeni anayesoma 9:00 haraka haraka anaielewa kuwa saa tisa. Andika kwenye tangazo kwa namna zote mbili, na chini ya kila kitu onyesha muda uliobaki badala ya saa ya kufunga. Ndani ya hifadhidata, tunza nyakati kwa UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa. Anayeingiza saa ya kufunga aone mbele yake muda huo kwa saa za ukumbini kabla ya kuhifadhi.

Bei ya kuanzia na hatua ya kupanda

Bei ya kuanzia kati ya asilimia 30 na 50 ya thamani ya soko hufanya kazi vizuri, na hatua ya kupanda kati ya asilimia 5 na 10. Chukua kitu chenye thamani ya 100,000. Ukianzia 40,000 kwa hatua ya 5,000, kinahitaji hatua 12 kufikia thamani yake. Hatua ikiwa 1,000 zinakuwa 60: watu wanachoka, na kila hatua inamtumia mtu ujumbe kwamba amepitwa. Hatua ikiwa 20,000 zinabaki 3 tu, na anayetaka kuongeza kidogo anakata tamaa mapema.

Kitufe cha kununua papo hapo, kama unakitumia, kiweke kwenye asilimia 150 hadi 200 ya thamani, na kiondoke chenyewe kabla ya saa ya mwisho. Kikibaki, mtu mmoja anazima ushindani wakati unapoanza kuchemka.

Fedha itunzwe kama namba nzima ya sehemu ndogo kabisa ya sarafu. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za desimali za kawaida inapata 0.30000000000000004, na siku moja dau halali litakataliwa kwa sababu limepungua kwa kitu ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona.

Sehemu yenye makosa mengi zaidi katika programu za mnada ni dau la kikomo. Mshiriki anasema: nipandishie mpaka hapa, lakini usilipe zaidi ya inavyohitajika. Ni ndugu wa mnada wa bei ya pili, ambao mshindi hulipa dau la aliyemfuata, alioueleza mchumi William Vickrey mwaka 1961, na wazo lake ni zuri. Tatizo ni hesabu. Fuata mfano huu mwenyewe ukiwa na simu mbili, bei ya kuanzia 10,000, hatua 1,000.

Mshiriki namba 14 anaweka kikomo cha 20,000. Bei inayoonekana iwe 10,000, si zaidi. Namba 27 anaweka dau la 15,000. Namba 14 aendelee kuongoza kwa 16,000, na namba 27 aambiwe papo hapo, kwa maneno kamili, kwamba kuna mtu aliyekwisha kuweka kikomo cha juu zaidi. Asipoambiwa ataona dau lake limemezwa sekunde ileile na atadhani mfumo unamwibia. Sasa namba 27 anaweka kikomo cha 20,000, sawasawa na mwenzake. Aliyetangulia ndiye anayeongoza, kwa 20,000. Rudia jaribio tangu 16,000, safari hii namba 27 aweke kikomo cha 20,500. Amempita mwenzake kwa nusu hatua. Bei iwe 20,500: ikiwa 21,000 mfumo umevuka kikomo cha mtu, na ikiwa 20,000 amelingana na aliyepitwa.

Jaribio la mwisho ndilo linalofeli mara nyingi zaidi. Anza upya, namba 14 awe anaongoza kwa 16,000, kisha apandishe kikomo chake mwenyewe kutoka 20,000 hadi 30,000. Bei isisogee hata kidogo. Programu ikimpandishia bei dhidi yake mwenyewe, usiitumie mpaka kasoro hiyo iishe.

Vikomo hivyo visionekane na yeyote, hata msimamizi wa mnada. Mfanyakazi anayejua kwamba namba 14 yuko tayari kufika 30,000 anaweza kushawishika kuweka dau la uongo ili kumsukuma, na mnada wa hisani ukishukiwa hivyo mara moja, wafadhili hawarudi.

Yanayotokea ndani ya seva

Watu wawili wakibonyeza 42,000 kwa wakati mmoja, programu isiyojaribiwa inasoma bei ya juu mara mbili, inaona 40,000 mara mbili, na inakubali madau yote mawili. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, katika hali yake ya kawaida haikuzuii kufanya kosa hilo. Unatakiwa kuifunga safu ya kitu husika kwa amri ya FOR UPDATE, ili dau jingine lisubiri zamu, kabla ya kusoma bei, au kuweka sharti kwamba kitu kimoja hakiwezi kuwa na madau mawili ya kiasi kilekile. Ukitumia vikomo, njia ya kwanza ndiyo salama zaidi, kwa sababu vikomo viwili vinaweza kulingana kihalali. Jaribio lake ni rahisi: tuma maombi 100 ya kiasi kimoja, kwa kitu kimoja, kwa pamoja, kutoka akaunti 100. Moja likubaliwe na 99 yakataliwe. Rudia mara 20, maana kosa la aina hii halijitokezi kila safari.

Kuna mtego mwingine hapo hapo ambao hata mafundi wazoefu huukanyaga. Ndani ya PostgreSQL, now() hutoa wakati muamala ulipoanza, haitoi wakati uliopo. Dau lililoanza sekunde 1 kabla ya kufunga, likasubiri zamu yake kwa sekunde 4, bado linajiona limewahi. Na kama kanuni ya mnada inasema kinachohesabika ni kufika kwenye seva, huenda hilo ndilo unalolitaka. Kama sivyo, tumia clock_timestamp() baada ya kupata zamu. Ninachosisitiza ni kwamba uamuzi huo uwe wako, umeandikwa kwenye masharti kabla ya mnada, usiwe matokeo ya bahati.

Vilevile, kufunga kusitegemee kazi inayojiendesha kila dakika moja. Ikichelewa, kitu kinabaki wazi sekunde 59 zisizo zake. Kila dau lenyewe lipimwe dhidi ya saa ya kufunga wakati linapopokelewa. Kazi ya kila dakika ibaki ya kutuma pongezi na ankara.

Halafu mtandao hafifu. Mtu anabonyeza, simu inazungukazunguka, anabonyeza tena. Bila kinga, dau la pili linajipandisha juu ya la kwanza na anashindana na nafsi yake. Kila bonyezo litumwe na namba yake ya pekee iliyotengenezwa na simu, na seva ikiiona namba ileile mara ya pili irudishe jibu lilelile la kwanza bila kuandika dau jipya.

Mzigo nao unahesabika kwa kalamu kabla ya kununua chochote. Simu 250 zinazouliza bei kila sekunde 2 ni maombi 125 kwa sekunde, hata kabla mtu yeyote hajaweka dau. Websoketi hupunguza hayo kwa kuacha njia wazi na kusukuma mabadiliko tu, lakini ina ugonjwa wake: seva ikizimika na kuwaka, simu zote 250 hugonga mlango sekunde ileile na kuiangusha tena. Kila simu isubiri muda wa kubahatisha, kati ya sekunde 0 na 5, kabla ya kuunganika upya.

Picha husahaulika. Vitu 80 vyenye picha za MB 3 kila moja ni MB 240 kwa simu moja, na kwa simu 250 ni GB 60 kupitia mtandao wa ukumbi. Punguza kila picha hadi KB 150 na jumla inashuka hadi GB 3. Hakuna ununuzi wa seva utakaokupa nafuu kama hiyo.

Kwa jaribio la mzigo, JMeter au k6, programu za kuiga watumiaji wengi kwa pamoja, zinatosha. Iga mwenendo wa kweli: dakika 5 za utazamaji, kisha dakika 10 ambazo kila mshiriki wa bandia anaweka dau kila sekunde 20 au 30, wengi wao wakigombania vitu 10 vilevile. Ukiwatawanya sawasawa kwenye vitu vyote hutaona foleni itakayotokea kwenye kitu kinachopendwa. Usiridhike na wastani. Wastani wa sekunde 0.4 unaweza kuficha maombi 5 katika kila 100 yanayosubiri sekunde 6, na hayo 5 ndiyo ya watu waliokuwa wakishindana. Angalia asilimia ya 95 na ya 99, yaani muda ambao maombi 95, au 99, kati ya 100 hayauzidi.

Jambo moja huangusha ukumbi mzima hata seva ikiwa nzima: kinga ya kuzuia maombi mengi kutoka anwani moja. Simu zote zilizo kwenye waifai ya ukumbi hutoka nje kwa anwani moja ya intaneti. Kinga ikiruhusu maombi 100 kwa dakika kwa anwani, wageni wote wanafungiwa nje kwa pamoja, na walioko nyumbani wanaendelea kama kawaida. Ingiza anwani ya ukumbi kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na weka kikomo kwa akaunti badala ya anwani.

Simu, ukumbi na meseji

Simu haiaminiki kama saa. Iliyochelewa dakika 3 itaonyesha muda ambao haupo. Seva itume saa yake pamoja na kila jibu, na simu ihesabu tofauti. Kisha kuna ukurasa ulioachwa nyuma: tangu toleo la 88 la mwaka 2021, Chrome huweza kuruhusu saa za ukurasa uliofichwa kwa zaidi ya dakika 5 zigonge mara moja tu kwa dakika. Skrini ya simu ikizimika, mawasiliano na seva huweza kukatwa kimyakimya. Mgeni anawasha simu, anaona bei ya dakika 6 zilizopita ikiwa imetulia kama ya sasa, na anatulia pia. Dawa ni ukurasa kuomba hali mpya mara tu unapoonekana tena, na kuandika wazi “unaunganisha upya” huku kitufe cha dau kimezimwa mpaka bei mpya ifike.

Kitufe hicho kiwe kikubwa. Mwongozo wa Apple ni pointi 44 kwa 44, na taa za ukumbi zikipunguzwa hata hiyo ni ndogo. Mtu akiandika kiasi mwenyewe, leta vitufe vya namba pekee, tenganisha maelfu anapoandika, na kiasi kikizidi mara 3 ya bei iliyopo mwulize kwa kumtajia tena kiasi chenyewe. Sifuri moja ya ziada hugeuza 45,000 kuwa 450,000. Msimamizi awe na njia ya kubatilisha dau bila kulifuta: libaki kwenye daftari la matukio likiwa limewekewa alama, sababu na jina la aliyebatilisha, na bei irudi kwa aliyekuwa akiongoza pamoja na kikomo chake. Lijaribu hili pia, kwa sababu kurudi nyuma ni kugumu kuliko kupanda.

Kuingia kwa kiungo cha mara moja kilichotumwa kwa meseji au barua pepe ni raha, ila programu nyingi za ujumbe na vichunguzi vya barua pepe hukifungua kiungo kwanza ili kuandaa muhtasari au kukagua usalama. Kiungo kinatumika kabla mgeni hajakigusa. Fanya kiungo kifungue ukurasa wenye kitufe cha “Ingia”, na kibonyezo hicho ndicho kikitumie. Kumbuka pia kwamba kiungo kilichofunguliwa ndani ya programu ya ujumbe hutumia kivinjari cha ndani kisichojua chochote kuhusu kivinjari cha kawaida, kwa hiyo aliyejisajili jana huonekana mgeni leo.

Meseji za “umepitwa” ndizo injini ya mnada wote, na zina kasi yake. Laini inayoruhusu ujumbe 1 kwa sekunde itatuma 180 katika dakika 3. Watu 400 wakipitwa ndani ya dakika hizo, 220 watapata habari mnada ukiwa umekwisha, jambo linaloudhi kuliko kutopata kabisa. Unganisha: mtu mmoja, kitu kimoja, ujumbe usiozidi mmoja kwa dakika. Na zitupe zile ambazo kitu chake kimeshafungwa.

Urefu wake nao una siri. Ujumbe wa herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ikiingia hata alama moja isiyo kwenye seti hiyo, ujumbe wote hushuka hadi 70, na ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Ritifaa iliyonyooka (') imo. Ile iliyopinda (’), ambayo programu za kuandikia huipenda, haimo. Kitu kiitwacho “Safari ya ng’ambo” kikiandikwa kwa ritifaa iliyopinda hugeuza ujumbe wa herufi 150 kuwa vipande 3, gharama mara 3 na foleni mara 3. Safisha majina ya vitu kabla ya kuyapandisha.

Waifai usiipime ukumbi ukiwa mtupu. Miili ya watu hunywa mawimbi, kwa hiyo antena ziwe juu ya vichwa. Katika bendi ya GHz 2.4 chaneli zisizogongana ni 3 tu, 1, 6 na 11. Peleka simu nyingi GHz 5. Mtandao wa kawaida wa anwani 254 huisha mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu mafundi, wapishi na wanamuziki waliofika asubuhi bado wameshikilia zao. Panua hadi 510 na punguza muda wa kushikilia anwani uwe saa 2. Leta njia ya pili ya intaneti kutoka kampuni nyingine, na siku ya majaribio chomoa ya kwanza kwa mkono uone kinachotokea.

Msimbo wa QR ulio mezani uwe na ukingo mweupe wa upana wa vijisanduku 4, na ukubwa wa walau sehemu ya 10 ya umbali ambao mtu atausoma: cm 4 kwa cm 40. Karatasi yenye kung’aa huakisi taa. Chapisha kwenye isiyong’aa. Meza zikishapangwa, mtu mmoja azunguke na kusoma kila msimbo, akilinganisha na kitu kilicho mbele yake. Misimbo iliyobadilishana meza haigunduliki kwa jaribio lolote la kompyuta.

Mazoezi

Siku 3 hadi 5 kabla, kusanya watu 10 hadi 15 ukumbini, na simu zao wenyewe, nusu wakiwa kwenye waifai na nusu kwenye data zao. Tafuta simu ya zamani kabisa ya Android na iPhone iliyo katika hali ya kuokoa chaji. Weka vitu 5, dakika 20. Kila mtu mpe uovu wake. Mmoja asogeze saa ya simu dakika 7 mbele. Mmoja azime mtandao, abonyeze dau, kisha awashe. Mmoja afunge skrini dakika 6 na kurudi sekunde 40 kabla ya mwisho. Wawili wahesabu moja, mbili, tatu na kubonyeza pamoja. Mmoja azidishe sifuri. Mmoja ashinde vitu viwili na kadi yake ikataliwe. Wewe, katikati ya yote hayo, izime seva kwa dakika 3.

Hiyo dakika 3 ndiyo inayoonyesha kama una kitufe cha kusimamisha mnada. Kikibonyezwa, madau yasimame na saa zote za kufunga zisogee kwa muda uleule uliopotea. Kama hakipo, uwe na orodha ya bei na waongozaji inayohifadhiwa kila baada ya dakika 5 mahali nje ya seva, na karatasi za dau zilizochapishwa ndani ya boksi.

Majaribio yasitumie anwani za kubuni ovyo, kwa kuwa baadhi ni za watu halisi. Jina la example.com limetengwa rasmi kwa kazi hii tangu mwaka 1999. Baadaye futa madau ya majaribio na urudishe namba za washiriki, kisha mtu mwingine akague kwamba kila kitu kinaonyesha bei ya kuanzia na dau sifuri.

Malipo

Piga hesabu ya mlango wa kutokea. Washindi 90, kila mmoja dakika 3 za kulipa na kukabidhiwa, meza 3: dakika 90 za foleni. Wakilipia simuni wakiwa wameketi, na mezani wakakabidhiwa tu kwa sekunde 40, meza zilezile 3 zinamaliza ndani ya dakika 20. Ankara iwe moja kwa mtu, yenye vitu vyake vyote, na isitoke mpaka kundi lake la mwisho lifungwe.

Kadi iliyosajiliwa mapema itunzwe na kampuni ya malipo. Namba 3 za usalama za nyuma ya kadi hazitunzwi na yeyote baada ya malipo kuidhinishwa. Kwa pesa za simu, ombi la kuthibitisha huisha muda mtu akichelewa kuweka namba ya siri, na uthibitisho unaweza kufika mara mbili au ukiwa umechelewa. Linganisha kwa namba ya muamala, kamwe usilinganishe kwa kiasi. Akaunti za simu huwa na kiwango cha juu kwa siku, hivyo mshindi wa kitu kikubwa aruhusiwe kulipa kwa awamu bila ankara kuonekana haijalipwa kabisa.

Acha pia kitufe cha kuchangia bila kununua. Mchumi Jacob Goeree na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba katika mnada wa hisani ambao mshindi pekee ndiye anayelipa, anayempita mwenzake anafuta mchango ambao mwenzake angeutoa, na hilo huzuia bei kupanda inavyoweza. Waliopitwa bado wana nia njema. Ujumbe wao wa mwisho, ule wa kitu kufungwa, uwe na njia ya kutoa kiasi wanachotaka kwa kubonyeza mara mbili.

Mshindi asipolipa ndani ya siku 3, kitu kinakwenda kwa aliyemfuata kwa dau lake la juu, kama masharti yalisema hivyo na kama hilo dau bado limo kwenye daftari. Kwa hiyo daftari la matukio lihifadhiwe kamili usiku uleule, kabla fundi hajazima seva ili kupunguza gharama.